Namba Yangu Mpya Ilikuja na Shangazi Ndani

"Shangazi shikamoo. Mguu unaendeleaje?"

Ujumbe huo ulinikuta hata picha ya wasifu sijaweka. Laini ilikuwa na dakika kumi tu tangu niichomeke kwenye simu. Nilikuwa nimepakua upya programu ya ujumbe, nimesubiri zile tarakimu sita za uthibitisho, nimeziingiza, na tayari kuna mtu ananipa shikamoo. Mimi ni mwanamume, na miguu yangu yote mizima.

Nikadhani amekosea namba. Kufika jioni walikuwa wamekosea watu wanne. Mama mmoja alitaka kujua mbona nimekuwa kimya hivi. Fundi alinitumia picha ya fremu ya dirisha, futi imelazwa juu yake, akiuliza akate hapo au aongeze sentimita mbili. (Nilichelewa kumjibu, na hadi leo huwa najiuliza lile dirisha liliishia wapi.) Usiku, nikiwa nimeshajilaza, ikaingia SMS ya aina nyingine kabisa: tarakimu za kubadilishia nywila ya akaunti ya mtandao wa kijamii ambayo si yangu. Mwenyewe, popote alipokuwa, alikuwa anahangaika kurudi ndani ya akaunti yake, na ufunguo anatumiwa mgeni.

Hapo nikajua nimepewa namba iliyokwisha kuvaliwa.

Namba za simu hazitupwi. Laini ikikaa muda bila salio wala matumizi, kampuni huifunga, namba inapumzishwa kidogo, kisha inarudi sokoni. Nchini Marekani sheria inataka ipumzike angalau siku 45. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya wa kampuni mbili kubwa za nchi hiyo, wakakuta 171 kati ya hizo bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Yaani ukichukua namba tatu, mbili zina mtu ndani. Mimi nilichukua moja tu na nikamkuta.

Nimeanza na shangazi huyu kwa sababu makala nyingi kuhusu kesho ya mitandao ya kijamii huanza na miwani ya kidijitali. Mnakumbuka Oktoba 2021, Facebook ilipojibadili jina ikawa Meta, tukaambiwa tutakutana tukiwa vikatuni visivyo na miguu katika dunia ya kubuni? Tukasubiri. Miwani ipo, inauzwa, ina wapenzi wake. Lakini nikitazama jinsi watu ninaowafahamu wanavyoingia mtandaoni, naona simu yenye ufa kwenye kioo, bando linalohesabiwa, na namba. Hiyo namba ndiyo inayonikosesha usingizi, kwani kila kitu kimening'inizwa juu yake na karibu hakuna anayeiangalia.

Mitandao ya mwanzo ilikutaka uwe na barua pepe. SixDegrees ya mwaka 1997, Friendster, MySpace, na hata Facebook ya 2004 ambayo ilidai barua pepe ya chuo. Asiye na barua pepe alibaki nje. WhatsApp ilipokuja mwaka 2009 ilifanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida mno: ilifungua orodha ya namba iliyomo ndani ya simu yako, ikakuonyesha nani tayari yumo. Hakuna jina la kutunga, hakuna nywila ya kusahau, hakuna kuomba urafiki na kusubiri kukubaliwa. Mtu ambaye hajawahi kuandika barua pepe maishani mwake akajikuta mtandaoni pamoja na watu wake wote. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, kampuni ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji milioni 450. Wengi waliguna kwa bei hiyo. Mimi nadhani kilichonunuliwa pale zilikuwa orodha za namba za watu milioni 450, ambazo wenyewe walizijaza jina kwa jina kwa miaka.

Tatizo ni kwamba namba hujainunua. Umeipanga, na kodi yake ni salio. Mwenye bili inayojilipa kila mwezi huenda hata hajui kama namba hufa. Anayejua ni yule anayeweka salio akipata, aliyezima simu miezi kadhaa kwa kuwa imeharibika, aliyehamia mahali ambako mtandao wake haushiki. Namba ikifa, hapotezi kadi ya plastiki peke yake. Anapotea kwenye magrupu, kwenye akaunti zake, na kwenye simu za wote waliomhifadhi kwa jina la "Shangazi". Tukizungumzia intaneti ya simu huwa tunauliza ni wangapi wameingia. Swali la nani ataweza kubaki ndani halina takwimu nzuri, na ndilo lililokuwa kiganjani mwangu usiku ule.

Hata takwimu za walioingia zenyewe zinashangaza. Kwa hesabu za GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kufikia mwisho wa 2023 watu bilioni 4.6 walikuwa wanatumia intaneti ya simu. Wanaoishi mahali ambapo intaneti hiyo haifiki kabisa walikuwa kama milioni 350, asilimia 4 ya watu wote. Wanaoishi chini ya mnara lakini hawaitumii walikuwa bilioni 3.1. Sasa kumbuka fedha zilizomwagwa angani: maputo ya Google ya mradi wa Loon, uliofungwa mwaka 2021, na ile ndege ya Facebook ya kutumia jua, Aquila, iliyoachwa mwaka 2018. Vyote viliwafuata wale asilimia 4. Hawa bilioni tatu wanaona mnara dirishani kila asubuhi. Kinachowazuia ni bei ya simu, bei ya bando, kusoma kwa shida, na wengine hawajaona cha kuwafaa humo ndani.

Nikisema bei ya bando sisemi tu gharama ya megabaiti moja. Vitu vyenyewe vimenenepa. SMS moja ya herufi 160 ina uzito wa baiti 140. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ilijibana kwenye herufi 140 ili ujumbe uingie ndani ya SMS na nafasi ya jina la mtumaji ibaki. Mtandao wa kijamii wa dunia nzima ulikatwa kwa kipimo cha kitochi. Chukua sasa video ya dakika moja yenye megabaiti 5, ambayo kwa vipimo vya leo ni nyepesi. Hiyo ni zaidi ya SMS 35,000, nayo imeanza kucheza yenyewe kidole kikiwa bado hewani.

Kuna namna ya pekee watu wanavyoshika simu bando likiwa ukingoni. Anawasha data, anasubiri jumbe zote ziingie, anazima. Anasoma bila haraka. Anajibu mmoja mmoja, na kila jibu linakaa pale na alama yake ya kusubiri. Kisha anawasha tena kwa sekunde chache: tiki moja, tiki moja, tiki moja, halafu zinageuka mbili kwa mkupuo, naye anazima kabla programu nyingine hazijaamka na kuanza kujisasisha. Sijui ni nani aliyeanza ufundi huu, ila naujua, wewe pengine unaujua, na hakuna kampuni iliyotufundisha. Unawezekana kwa sababu programu za ujumbe zimejengwa kusubiri. Ujumbe ukikosa njia unakaa kwenye foleni. Ukurasa wa video ukikosa njia unakuonyesha kiduara kinachozunguka, na kinazunguka huku kinakula.

Ndiyo maana naona kama mitandao ya kijamii imekwisha kugawanyika mara mbili, bila tangazo. Upande mmoja umekuwa televisheni. Septemba 2006 Facebook ilipoanzisha ukurasa wa habari za marafiki, wanafunzi waliandamana mtandaoni wakilalamika kwamba kila mtu anaona mambo yao. Mwaka 2009 ikaja kitufe cha laiki. Kisha TikTok ikaonyesha kwamba hata huhitaji kuwa na rafiki: algoridhimu inakutazama unapotua jicho, inakuletea mengine ya namna hiyo. Wengine wote wakaiga. Katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Meta kwa kuhodhi soko, na Meta ikashinda Novemba 2025, takwimu zilizowekwa mezani zilikuwa hizi: muda ambao watumiaji wanautumia kutazama vitu vya marafiki zao ni asilimia 17 kwenye Facebook, na 7 kwenye Instagram. Kampuni iliyoyajenga majina yake juu ya urafiki ilijitetea kwa kuonyesha kwamba urafiki umebaki kidogo.

Marafiki walikwenda wapi? Kwenye magrupu. Mimi mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho nilipoandika jambo la maana kwenye ukuta wangu, lakini kila siku nimo kwenye magrupu manane au tisa, mengine nimeyanyamazisha tangu siku niliyoingizwa. Grupu halina jukwaa. Hakuna anayepata umaarufu humo, isipokuwa yule mmoja wa kila grupu anayetuma picha za maua saa kumi na moja alfajiri. Lina uvumi wake, lina uongo wake, na mwaka 2020 WhatsApp ilipoweka kwamba ujumbe uliokwisha sambazwa sana utumwe kwenye gumzo moja tu kwa mara, kampuni yenyewe ilisema jumbe za aina hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Lakini ni humo watu wanamoulizana habari za mguu.

Nikilazimishwa kubashiri, nabashiri hivi: televisheni itazidi kunenepa na itajazwa vitu visivyotengenezwa na mtu yeyote. Tayari mwaka 2025 Meta na OpenAI zote zilitoa kurasa za video zilizotungwa na akili mnemba mwanzo hadi mwisho. Itakuwa na watazamaji wengi na sina ugomvi nayo, nami huwa natazama. Upande wa magrupu ndio ulioniandikisha haya, kwa sababu ndio tutakaouhitaji, na umesimama juu ya namba ya kupanga.

Namba haihitaji hata kufa ili ikuponyoke. Agosti 2019 wezi waliichukua akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter na wakati huo mkurugenzi wake mkuu, kwa kuiteka namba yake ya simu, wakaanza kuandika matusi kwa jina lake kupitia SMS. Kama mwenye nyumba anaibiwa hivyo, mpangaji afanyeje?

Kinachoniudhi ni kwamba tulishapita hapa. SMS ya kwanza ilitumwa Desemba 3, 1992 nchini Uingereza, ikisema "Merry Christmas". Kwa miaka saba iliyofuata, mteja wa kampuni moja ya nchi hiyo hakuweza kumtumia wa kampuni nyingine. Walipofungua milango kati yao mwaka 1999 ndipo SMS ilipolipuka. Ikaja pia haki ya kuhama kampuni ukiwa na namba yako ileile: Singapore mwaka 1997, Marekani Novemba 2003. Kampuni zililalamika kila mahali, na kila mahali dunia iliendelea. Leo mtu akikuuzia simu inayoweza kuwapigia wateja wa kampuni moja tu utamwona punguani. Lakini mitandao ya kijamii ni hivyo hivyo, nasi tunapakua programu ya tano ili kumfikia mtu wa sita.

Oktoba 4, 2021 tuliuona udhaifu huo kwa macho. Marekebisho mabaya ya mitambo ndani ya Facebook yaliiondoa kampuni nzima kwenye ramani ya intaneti kwa takriban saa sita: Facebook, Instagram, WhatsApp, Messenger, zote kwa pamoja. Hata wafanyakazi wao walipata shida kuingia kwenye baadhi ya majengo, kwa kuwa mifumo ya milango ilitegemea mtandao uleule. Mabilioni ya watu walikuwa na simu nzima, bando, na mnara, na hawakuwa na njia yao ya kila siku ya kumwambia mtu "nimefika". Niliishia kutuma SMS siku hiyo. Ilienda, na kwa saa chache nilikuwa mtu wa mwaka 1999.

Dawa zipo na zina majina yasiyovutia. ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C Januari 2018, inaruhusu mtu aliye kwenye seva moja, yaani kompyuta inayotunza akaunti za watu, amfuate aliye kwenye nyingine, kama barua pepe zinavyovuka. Mtandao wa kijamii wa Mastodon unaitumia, na Threads ya Meta imeigusa kwa ncha ya kidole. Mtandao wa Bluesky una utaratibu wake mwingine wa kuhama na wafuasi wako. Umoja wa Ulaya uliamua kutumia sheria: tangu Machi 2024 kampuni kubwa zinabanwa kufungulia wengine milango ya ujumbe, na mwishoni mwa 2025 WhatsApp ikaanza kupokea huko jumbe kutoka programu mbili ndogo, BirdyChat na Haiket. Programu ya ujumbe ya Signal, tangu Februari 2024, inakuruhusu kuficha namba na kutumia jina la kujichagulia, ingawa kujisajili bado unaombwa namba ileile.

Nimejaribu kadhaa kati ya hizo. Nilikaa kwenye seva moja ndogo kwa miezi mitano, nikafurahia utulivu wake, nikazungumza na watu wasiozidi kumi, wote wakiwa aina ya watu wanaopenda kuzungumza kuhusu seva. Shangazi wa mtu hayuko kule. Wala hatakwenda kwa kusomewa hotuba za faragha. Atakwenda siku ambayo kuhama hakutamgharimu hata mtu mmoja kwenye orodha yake, na siku hiyo haitaletwa na wema wa kampuni. Mimi naungana na Ulaya katika hili, kwa shingo upande, kwa sababu sipendi serikali ziguse magrupu yangu kwa sababu yoyote.

Na setilaiti? Kila mtu ananiuliza. Zile za Starlink zinazunguka kilomita mia kadhaa tu juu yetu, karibu sana ukilinganisha na zile za zamani zilizo kilomita 35,786, na baadhi yake sasa zinaweza kuzungumza na simu ya kawaida bila dishi. Julai 2025 kampuni ya simu ya T-Mobile ya Marekani ilipoizindua huduma hiyo rasmi, ilianza na nini? Ujumbe wa maandishi. Teknolojia mpya kuliko zote, ikishuka kutoka angani, imerudi kwenye herufi kwa sababu herufi ndizo zinazopenya njia nyembamba. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Haimpi mtu salio, lakini.

Turudi kwa yule kijana wa mguu. Nilimjibu siku ileile: "Samahani, mimi si shangazi yako. Namba hii nimepewa leo."

"Wewe ni nani, na simu ya shangazi umeipata wapi?"

Nikamweleza kuhusu laini kufungwa na namba kurudi sokoni. Akasoma, akanyamaza kidogo. "Ndivyo matapeli wanavyosema."

Nikamtumia ujumbe wa sauti ili asikie mwanamume mzima akijieleza. Akajibu kwamba sauti siku hizi zinatengenezwa, na hapo hakuwa na kosa hata chembe. Sekunde chache za sauti yako zinatosha kwa programu kuiiga. Akaniuliza jina la mbwa wao. Sikulijua, bila shaka. Hilo lilithibitisha kwamba mimi si shangazi, na halikuthibitisha kwamba mimi si mwizi.

Siku ya tatu akaja na ombi: "Kama kweli si mwizi, zile tarakimu zikiingia tena nitumie, shangazi afungue akaunti yake." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Maana sasa na mimi nikaanza kujiuliza: huyu ni mtoto wa kaka yake kweli, au ni tapeli aliyeona namba imebadili mwenyewe, anataka kunitumia mimi kuingia kwa mama wa watu? Nikamwandikia kwamba siwezi. Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Tarakimu ziliingia tena usiku ule, mara mbili, nikaziacha zife.

Baada ya wiki tatu akaandika mara ya mwisho. "Nimempata. Alikuwa kwa binti yake, simu ilianguka majini. Mguu umepona." Nikamjibu kwamba nashukuru kusikia, amfikishie salamu, na kama kuna fundi wa madirisha wamwambie ampigie.

Ule ujumbe una tiki moja hadi leo. Ama amenizuia, ama bando limeisha.